Nyumba njema si mlango: Uadilifu katika kuthamini majengo

Tangu Mkoa wa Simiyu uanzishwe mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, mji wa Bariadi uliofanywa makao makuu ya mkoa umekuwa ukipanuka. Barabara, ofisi na viwanja vipya vinahitaji ardhi, na ardhi hiyo mara nyingi ina nyumba za watu. Kwa upande wa Maswa, reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021, imepangwa kupita Malampaka. Kila penye jambo kama hilo hutangulia mtu mmoja mwenye futi ya kupimia, kamera na karatasi. Huyo ni mthamini, na neno lake ndilo litakaloamua kama mwenye nyumba atapata paa jingine la kumsitiri au la.

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za mwaka 2001 zikafafanua kwamba mbali na thamani ya ardhi na kilichomo, zipo posho za usumbufu na usafiri, pamoja na posho ya makazi inayokadiriwa kwa kodi ya pango ya miezi 36. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 nayo ikaweka utaratibu wa kuwasajili wathamini, na hesabu ya fidia ni lazima iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali.

Katika utendaji, thamani ya jengo aghalabu hupatikana kwa njia hii: ukubwa wake kwa mita za mraba huzidishwa kwa gharama ya kujenga mita moja, kisha hupunguzwa uchakavu. Tuzingatie hapo. Ukubwa hupimwa kwa futi, na futi haina upendeleo. Lakini gharama ya mita moja na kiasi cha uchakavu hutegemea jicho la mthamini juu ya ubora wa ujenzi. Dhulma ikitaka kuingia, huingia kupitia jicho.

Tuchukue mfano wa kuta. Katika mji wa Bariadi na vijiji vyake nyumba nyingi ni za tofali za kuchoma. Wapo waliozijenga kwa saruji, na wapo waliozijenga kwa tope kisha wakapiga plasta ya saruji nje. Zikishapigwa plasta na rangi, nyumba hizi mbili hufanana kama mapacha, ilhali gharama na uimara wake viko mbalimbali. Mthamini mwadilifu hupanda akatazame ukuta ulio juu ya dari, ambako plasta haikufika, au hukwaruza kwa ufunguo baina ya tofali na tofali. Tope humomonyoka, saruji hukataa. Asipofanya hivyo, ama atampa mtu asichostahiki, ama atamwandikia mjane "nyumba ya udongo" ilhali marehemu mumewe aliinunulia saruji mfuko mmoja mmoja kila msimu wa pamba.

Kisha uje msingi. Maeneo mengi ya Usukumani yana udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Nyumba iliyosimama juu yake bila msingi imara wa mawe na mkanda wa zege juu ya madirisha hupata nyufa zinazokwenda mshazari kutoka kwenye pembe za madirisha, na milango hukataa kufunga. Hata hivyo, si kila ufa ni ugonjwa. Ufa mwembamba wa plasta hauna uzito sawa na ufa uliopasua tofali.

Paa nalo lina siri yake. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 32 ni jembamba zaidi, ingawa yakiwa mapya yote hung'aa. Chini ya bati kuna mbao, ambazo ama zilipakwa dawa ama zimekwishaliwa na mchwa. Uchakavu nao usihesabiwe kwa miaka pekee: nyumba ya miaka 30 iliyotunzwa yaweza kuwa nzima kuliko ya miaka 5 iliyojengwa kwa haraka. Ndiyo maana wahenga wakasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Tunakumbuka habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, akakuta juu pakavu na chini pamelowa, akamkemea muuzaji kwa kuwaficha watu. Mwenye nyumba anayeziba nyufa kwa plasta usiku wa kuamkia uthamini ameificha nafaka iliyolowa. Na mthamini anayeandika akiwa getini hakutia mkono katika lundo, naye atashuhudia asichokiona.

Jambo hili haliishii kwenye fidia. Katika mirathi, kaka anayeishi katika nyumba ya marehemu baba yao hupenda ikadiriwe kwa bei ndogo ili awalipe dada zake kidogo. Hapo pia mtu anayeijua kazi na asiyeegemea upande ndiye ngao ya wanyonge.

Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kwamba Khalifa Umar (R.A.) alitaka nyumba ya Abbas (R.A.) ili kuupanua msikiti wa Madina. Abbas alikataa, shauri likapelekwa kwa Ubayy bin Kaab, naye akaamua kwa upande wa Abbas. Khalifa akaikubali hukumu. Ndipo Abbas alipoitoa nyumba yake kwa hiari. Haja ya umma ilikuwa kubwa, na bado haikuifuta haki ya mtu mmoja.

Hivyo basi, tunawausia wenye nyumba wawepo siku ya uthamini, wafungue kila chumba na kuonyesha msingi, wasifiche kasoro wala kunyamazia ubora. Wasitie saini wasichosomewa, na kiongozi wa mtaa au kijiji awe shahidi. Wathamini nao tunawakumbusha kuwa picha ya mtu aliyesimama na namba mbele ya nyumba yake ni amana waliyokabidhiwa. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli katika kila tunachokipima. Amin.