Taroti: karata husomwa pamoja na jirani yake

Anayeanza kujifunza taroti kwa kawaida hushika kijitabu na kukariri maana za karata zote 78. Anazimudu. Kisha anafunua tatu mezani, anaeleza ya kwanza, ya pili, ya tatu, na aliyekuja kuuliza anaondoka na vipande vitatu visivyoshikana.

Dawa yake iko kwenye michoro yenyewe. Seti wanayojifunzia wengi ilitolewa London mwaka 1909. Arthur Edward Waite aliiandaa, Pamela Colman Smith akaichora. Katika seti nyingi za kabla yake, karata za namba zilikuwa na vikombe au panga tu, bila mtu. Smith akaweka watu, mito, njia na majengo. Huyu mama anastahili heshima kubwa kuliko aliyopewa, kwani seti ilivuma kwa jina la Waite na mchapishaji wake, Rider, ilhali kazi ya mkono wa Smith ndiyo inayotuwezesha kuunganisha karata kwa macho.

Chukua Vikombe Vitano. Mtu mwenye joho jeusi ameviinamia vikombe vitatu vilivyomwagika, upande wa kushoto. Viwili vimesimama nyuma yake, na kwa mbali daraja linavuka mto. Sasa weka Vikombe Kumi kulia kwake: mume na mke wameinua mikono chini ya upinde wa mvua, watoto wawili wanacheza. Furaha iko mgongoni pake, hajageuka kuiona. Hamishia karata hiyo kushoto, na hapo ndiko anakotazama. Huenda familia hiyo ndiyo anayoililia. Kijitabu kingekupa maneno yaleyale mara zote mbili.

Ipo pia kanuni ya Golden Dawn, chama cha siri kilichoundwa London mwaka 1888, ambacho Waite na Smith walikuwa wanachama wake. Kila kundi la karata za namba lina asili yake: fimbo ni moto, vikombe maji, panga hewa, sarafu ardhi. Karata ya vikombe ikibanwa na fimbo pande zote hudhoofika. Ikikaa kati ya sarafu hupata nguvu. Ni kanuni nzuri, ila mwanafunzi aanze na macho.

Zoezi ninalolipenda ni la karata mbili na kiunganishi kimoja. Tuseme umefunua Sarafu Nne, mtu aliyekumbatia sarafu moja, nyingine kichwani, mbili chini ya nyayo. Kando yake Mnara uliopigwa na radi, watu wakiporomoka. Sema: “Aling’ang’ania mali mpaka nyumba ikamwangukia.” Kisha geuza: “Nyumba ilimwangukia, ndiyo maana sasa hataki kuachia hata senti.” Wa kwanza anahitaji kuonywa, wa pili kupewa pole. Karata zinaruhusu yote mawili, kwa hiyo rudi kwenye swali lililoulizwa kabla hujazichanga: aliuliza kuhusu jambo analotaka kulifanya, au lililokwisha kumpata?