Urithi Usioonekana

Mbuzi huzaa mbuzi, na ng'ombe huzaa ng'ombe. Mkulima akipanda maharagi, havuni mahindi. Jambo hili kila mtu analijua. Lakini mara nyingine mtoto hafanani na baba wala mama, bali anafanana na babu aliyekufa zamani. Tena mara nyingine baba na mama wote wawili ni wazima, lakini mtoto wao anazaliwa na ugonjwa ambao wao hawakuugua kamwe. Ugonjwa huo umetoka wapi?

Mtu wa kwanza aliyeifahamu vizuri njia ya urithi alikuwa padri. Jina lake ni Gregor Mendel. Alizaliwa mwaka 1822, mtoto wa wakulima, katika nchi inayoitwa leo Cheki. Mwaka 1843 aliingia katika monasteri ya watawa wa Mtakatifu Agostino, mjini Brno, akapewa upadri mwaka 1847.

Monasteri hiyo ilikuwa na bustani. Tangu mwaka 1856 hata mwaka 1863 Mendel alipanda humo njegere, ambazo ni jamaa ya maharagi. Njegere nyingine zina punje za manjano, nyingine za kijani. Mendel alitwaa unga wa maua ya aina moja, akautia katika maua ya aina ya pili. Punje zilizozaliwa zilikuwa za manjano zote. Je, kijani kimepotea? Mendel hakukata shauri upesi. Alizipanda punje zile, akaiacha miche izae yenyewe, kisha akahesabu mazao yake. Alipata punje 6022 za manjano na punje 2001 za kijani. Kumbe, kijani hakikupotea, kilikuwa kimejificha! Katika kila punje nne, karibu tatu zilikuwa za manjano na moja ya kijani.

Mendel akafahamu kwamba kila mche una mbegu mbili za urithi kwa jambo moja: moja imetoka kwa baba, na moja kwa mama. Leo wataalamu huziita jeni. Ikiwa jeni ya manjano imekutana na jeni ya kijani, ile ya manjano huonekana, na ile ya kijani hukaa kimya. Lakini haifi. Mche waweza kuwarithisha watoto wake. Zikikutana mbili za kijani, ndipo kijani hutokea tena. Mendel aliandika hayo mwaka 1866, lakini watu hawakumjali. Alikufa mwaka 1884, na ni mwaka 1900 tu wataalamu walipotambua kwamba alisema kweli.

Watu nao hurithi jeni mbili mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Mambo mengine, kama urefu wa mwili na rangi ya ngozi, hutoka katika jeni nyingi pamoja. Lakini mengine hutoka katika jeni moja tu, na mojawapo ni ugonjwa mzito wa damu.

Katika damu ya mtu zimo chembe nyekundu, ndogo sana, zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo ni za mviringo na laini, hata zaweza kupita katika mishipa iliyo myembamba sana. Ipo jeni inayoongoza kazi ya kuziunda. Kwa watu wengine jeni hiyo imegeuka. Madaktari huiandika jeni ya kawaida kwa herufi A, na ile iliyogeuka kwa herufi S.

Mwenye AA ni mzima. Mwenye AS naye kwa kawaida ni mzima: analima, anabeba mizigo, na pengine anazeeka bila kujua kwamba anayo S. Lakini mwenye SS ni mgonjwa. Chembe zake hupindika kama mundu, huziba mishipa, tena huvunjika upesi. Mifupa humwuma sana. Akiwa mdogo mikono na miguu yake huvimba. Macho yake huwa ya manjano, na damu humpungukia. Ugonjwa huu huitwa selimundu, na watu wengi wa Kongo huuita kwa herufi zake tu, SS.

Wanafunzi waweza kuona darasani jinsi unavyorithiwa. Watwae vifuko viwili. Katika kila kifuko watie haragi moja jekundu na moja jeupe. Kifuko cha kwanza ni baba, cha pili ni mama. Haragi jekundu ni A, jeupe ni S. Mwanafunzi afumbe macho, atoe haragi moja katika kila kifuko, mwenzake aandike rangi zake, kisha yarudishwe. Wakifanya hivyo mara 40, karibu mara 10 watapata mekundu mawili, karibu mara 20 jekundu na jeupe, na karibu mara 10 meupe mawili. Haya meupe mawili ndiyo SS.

Maharagi hayakumbuki yaliyotoka mara ya kwanza. Vivyo hivyo, kwa wazazi wenye AS wote wawili, kila mimba huanza upya: katika bahati nne, moja ni ya SS. Wazazi wengine hupata watoto wanne wazima, wengine hupata wagonjwa wawili wakifuatana. Lakini kama mzazi mmoja ni AA, mtoto hapati SS.

Kwa nini jeni hii inaonekana mno katika Afrika? Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alianza kupima damu ya watu wa nchi hiyo. Aliona kwamba S ni nyingi pwani na karibu na ziwa Victoria, penye malaria nyingi, na ni chache katika nchi ya milima yenye baridi. Mwaka 1954 alieleza sababu: mtoto mwenye AS haangushwi upesi na malaria kali. Watu wa Kalembe waweza kulifahamu jambo hili, maana wanakaa mpakani. Upande wa Masisi ni milima ya baridi na malisho. Upande wa Walikale nchi inateremka kwenye pori lenye joto, na mbu hupenda joto. Lakini mwenye SS hapati kinga hiyo. Yeye malaria humdhuru sana.

Katika nyumba nyingine, mtoto wa SS akilia usiku kwa maumivu, watu husema amerogwa. Wengine humshitaki bibi kizee, wengine humfukuza mama wa mtoto. Hayo ni udhalimu. Hakuna aliyeroga. Mama peke yake hawezi kuleta SS, wala baba peke yake: kila mmoja ametoa S moja, bila kujua na bila kosa. Tena siku zinazopotea kwa kumtafuta mchawi ni siku ambazo mtoto anakosa dawa.

Mtoto huyo apelekwe hospitali apimwe damu. Alale chini ya chandarua, anywe maji mengi, avae nguo za joto wakati wa baridi, ameze dawa anazopewa na daktari. Akipata homa, asingojeshwe nyumbani. Ugonjwa wake hauambukizi: wenzake waweza kukaa naye benchi moja na kunywa kikombe kimoja. Nao wachumba waweza kupimwa damu kabla ya ndoa, wajue wanachobeba.

Maulizo

1. Kwa nini punje za kijani zilitokea tena katika bustani ya Mendel?
2. Mtu wa AS na mtu wa SS wanatofautiana namna gani?
3. Baba ni AS, mama ni AA. Je, waweza kuzaa mtoto wa SS? Eleza kwa maharagi.
4. Jirani anasema mtoto wa SS amerogwa. Utamjibu nini?