Kimelea Aliyekosa Nyumba

Haya, wapwa zangu, sogeeni karibu. Mmoja wenu kaniuliza swali ambalo wakubwa wengi hawaliulizi. "Mjomba, mbu ni wale wale. Kwa nini malaria inamlaza mtoto huyu hoi, na yule inamgusa tu ikaenda zake?"

Swali zuri hilo! Anayeuliza hivi kesho atakuwa daktari, nawaambia. Mimi sitalijibu peke yangu. Namwita mwenyewe kimelea wa malaria aje aseme. Ni mdogo mno, macho hayamwoni. Maabara wanamtafuta kwa hadubini.

"Mimi ni msafiri," kimelea akasema. "Nasafiri ndani ya mbu jike. Na huku kwenu mbu hawanipi tabu kuwapata. Shinyanga kuna majaruba ya mpunga, maji yametuama juani. Geita kuna mashimo ya wachimbaji. Dhahabu ikiisha, shimo linaachwa wazi, mvua inalijaza. Mbu anataga humo. Binti yake akikua ananifyonza kwa mgonjwa, kisha akimuuma mtu mwingine, nami naingia. Kwanza najificha kwenye ini kama wiki moja. Halafu tunatoka maelfu kwa maelfu, tunatafuta nyumba."

"Nyumba gani?"

"Chembe nyekundu ya damu. Hiyo ndiyo nyumba yangu. Ni laini, ya mviringo, na ndani imejaa himoglobini, ile inayobeba hewa safi mwilini. Kwangu mimi ni chakula. Naingia, nakula, nazaliana. Siku 2 tu, tumekuwa 16 au zaidi. Tunaibomoa nyumba, tunatoka, kila mmoja anatafuta nyumba yake. Hapo ndipo mtoto anatetemeka na homa inapanda."

Mmeisikia jeuri yake? Ngojeni, hajamaliza.

"Lakini siku moja," akasema kwa sauti ndogo, "niliingia nyumba nisiyoielewa. Nimeanza tu kula, nyumba ikaanza kujikunja. Ikajipinda kama mundu wa kuvunia mpunga. Bandama likaiona, likaikamata, likaivunja nami nikiwa ndani. Sikuzaa hata mtoto mmoja."

"Mjomba, nyumba hiyo aliijenga nani?"

Aliijenga jeni. Ndani ya mwili wako kuna maagizo ya kujenga kila kitu: pua yako, nywele zako, damu yako. Agizo moja ndilo jeni moja. Kila agizo unalo mara 2, nakala ya mama na nakala ya baba. Sasa agizo la himoglobini ni refu, lina herufi nyingi. Kwa baadhi ya watu herufi moja imebadilika. Herufi moja tu, wapwa zangu!

Mwenye nakala moja ya kawaida na moja iliyobadilika ni mzima. Anakimbia, analima, anacheza mpira. Kimelea akiingia ndipo nyumba inapojikunja. Malaria anaweza kuipata, lakini ile kali inayoua humpata kwa nadra.

"Basi jeni hiyo ni nzuri, Mjomba!"

Taratibu. Je, mtoto akipewa iliyobadilika na mama, akapewa iliyobadilika na baba pia? Hapo nyumba zake zinajikunja hata kimelea hayupo. Zinakuwa ngumu, zinaziba mishipa midogo. Mifupa inauma, mtoto analia usiku kucha. Kwa mtoto mchanga viganja na miguu huvimba. Macho yanakuwa manjano. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini hizi nyingi hazifikishi hata siku 20, basi damu inapungua. Huu ndio ugonjwa wa selimundu, wengine husema sikoseli.

Na linaloniuma zaidi ni hili. Mtoto huyu bandama lake huharibika mapema. Bakteria wanapata mwanya, na malaria ikimpata inaweza kumuua haraka. Jeni ile ile iliyomkinga mama yake! Msiniulize basi kama jeni ni nzuri au mbaya. Niulizeni ziko nakala ngapi, na nje kuna mbu gani.

"Sasa kwa nini iko huku kwetu?"

Swali hilo lilimsumbua kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison. Mwaka 1949 alipima damu za watu sehemu nyingi za Kenya. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria nyingi, jeni hiyo ilikuwa nyingi. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, mbu wachache, haikuonekana sana. Mwaka 1954 akatangaza: malaria ndiyo inayoitunza.

Baadaye alipima Musoma, ziwa hili hili letu. Watoto wachanga walikuwa 287, na 9 kati yao walikuwa na nakala 2 zilizobadilika. Watu wazima walikuwa 654, na wenye nakala 2 walikuwa 5 tu. Wengine walikuwa wapi? Walikufa wangali wadogo. Lakini wenye nakala moja walikuwa 31 katika kila watoto 100, na 38 katika kila wakubwa 100. Hao ndio waliovuka malaria, wakaoa, wakazaa, wakaipitisha.

Mpaka leo ipo. Hospitali ya Bugando, Mwanza, na wenzao wa Marekani walipima damu ya watoto wadogo zaidi ya 17,000 wa kanda yetu. Matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Kama mtoto mmoja katika kila 5 ana nakala moja. Wenye nakala 2 walizidi mmoja katika kila 100.

Kwa hiyo mtoto wa jirani akivimba vidole, akilia mifupa, hakuna aliyemloga. Msikubali bibi wa watu asingiziwe. Baba na mama wote wakiwa na nakala moja moja, kila mimba ina nafasi moja katika 4 ya kuzaa mtoto mwenye selimundu. Na si mimba ya kwanza tu, ni kila mimba.

Anatibiwa? Anasaidiwa sana. Chandarua kila usiku, chanjo, dawa ya kuzuia bakteria angali mdogo, na dawa ya haidroksiurea inayopunguza maumivu. Maji anywe mengi, na asiachwe kwenye baridi ya Juni.

Basi mwenzenu darasani akiomba maji mara kwa mara, au akikaa chini wakati wa michezo, msimcheke. Mpeni maji. Na mkifika nyumbani waambieni wazazi: selimundu hupimwa kwa tone la damu, wampeleke mdogo wenu akapimwe mapema, hata kama leo anacheza.