Dhahabu inapokuwa Nyekundu

Namna gani tumfungulie mwanafunzi wa universite mlango wa nanoteknolojia? Tusianze na maneno magumu. Tuanze na macho yake.

Tumwambie: kata milimita moja vipande milioni, kimoja ndicho nanometa. Unywele wa mtu una unene wa nanometa 80 000 hivi. Kisha tuchemshe mbele yake maji yenye chumvi ya dhahabu kidogo, tutie na sitrati, yaani chumvi ya asidi ya ndimu. Maji yageuka mekundu kama divai. Wekundu ule ni dhahabu yenyewe, chembe za nanometa 15 hivi. Mbona si ya manjano? Kwa sababu katika udogo ule mwanga hutikisa elektroni za chembe zote pamoja: kijani chamezwa, nyekundu yapita. Michael Faraday alieleza dhahabu ya namna hiyo huko London mwaka 1857.

Basi mwanafunzi ashike neno hili: kupunguza ukubwa wa kitu kwaweza kugeuza tabia yake. Kwa hiyo asiseme, «Kikubwa hakidhuru, kidogo kitadhuruje?» Apime kwanza.