ALIYEUGUA KIHARUSI HUCHOKA UPESI, SI MVIVU

Katika vijiji vyetu wapo watu waliougua kiharusi wakapata nafuu. Mkono uliolegea sasa unashika jembe. Mguu uliokuwa mzito sasa unatembea. Watu wa nyumbani hufurahi.

Baada ya muda manung'uniko huanza. "Baba amepona, mbona halimi? Akipalilia matuta mawili anakwenda kukaa kivulini. Ukimtuma dukani, anasahau njiani alichotumwa." Wengine husema ni uvivu. Wengine husema amerogwa. Yote mawili si kweli. Hayo ni mabaki ya ugonjwa wenyewe.

Kiharusi hufanya nini?

Ubongo ndio unaoongoza mwili wote. Mshipa wa damu ukiziba au ukipasuka ndani ya ubongo, sehemu ya ubongo hukosa damu na kufa. Hicho ndicho kiharusi. Ugonjwa huu upo mjini na upo shamba. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wa kiharusi wilayani Hai, Kilimanjaro, na katika jiji la Dar es Salaam. Waliwakuta pande zote mbili.

Mkono na mguu tunaviona vikipona. Ubongo hatuuoni. Kwa mtu huyu, kutembea, kusema na hata kusikiliza mazungumzo huhitaji nguvu nyingi kuliko zamani.

Uchovu wa namna gani?

Mtu mzima akilima kutwa, hulala usiku na asubuhi nguvu zimerudi. Aliyeugua kiharusi aweza kulala usiku kucha akaamka amechoka. Karibu nusu ya waliougua hupata uchovu huu, hata wale walioshikwa kidogo. Waweza kudumu miezi au miaka.

Tena hushindwa kukaza mawazo. Redio inasema, watoto wanacheza, mgeni anauliza habari. Akili yake inashindwa kuchagua lipi la kusikiliza. Wengine husahau upande mmoja, hasa wa kushoto. Anakula ugali wa upande wa kulia wa sahani, anaacha wa kushoto, na kusema amemaliza. Macho yake yaweza kuwa mazima, lakini ubongo hauangalii upande ule.

Tumsaidie namna gani?

1. Gawa kazi. Kazi ngumu ifanywe wakati ana nguvu, kwa wengi ni asubuhi. Apalilie kidogo, apumzike kabla hajachoka sana. Siku akijisikia vizuri asijaribu kumaliza shamba lote. Akifanya hivyo aweza kulala siku mbili zinazofuata. Aongeze kazi polepole.

2. Jambo moja kwa wakati mmoja. Zima redio. Mwite, ngoja akutazame, kisha sema kwa maneno machache. Mwombe arudie ulichosema.

3. Zuia hatari. Asiachwe peke yake na moto, jiko la mafuta ya taa au mtoto mchanga. Asiendeshe baiskeli au pikipiki barabarani mpaka apimwe na mganga. Vitu vyake, kama dawa na fimbo, viwekwe mahali pale pale kila siku.

4. Usimnyime kazi zote. Kukaa bure kunazidisha udhaifu. Kupukuchua mahindi, kuchambua maharage na kutembea hadi kwa jirani humpa nguvu na heshima.

5. Mpeleke zahanati. Upungufu wa damu, malaria, kukosa usingizi na huzuni kubwa huongeza uchovu. Hayo yana matibabu. Kama anaona dawa ndizo zinamchosha, amwambie mganga. Asiziache mwenyewe.

Nawe uliyeugua, usione haya kusema, "Nimechoka, nipumzike kwanza." Ukinyamaza, watu watadhani umekataa kazi.

Dawa za presha

Familia nyingine huuza mbuzi ili kumtafuta mchawi, na huku dawa za presha zimekwisha ndani ya nyumba. Hiyo ni hasara mara mbili. Presha ikiachwa bila dawa, kiharusi chaweza kurudi, na cha pili huweza kuua. Mgonjwa anywe dawa kama alivyoandikiwa, hata akijisikia mzima. Apimwe presha kila anapokwenda zahanati. Apunguze chumvi, aache sigara na pombe.

Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea ghafla, au maneno yakivurugika ghafla, mpeleke hospitali saa ile ile. Usingoje asubuhi, hata kama dalili zimepungua.

Baba akikaa kivulini baada ya matuta mawili, mpelekee maji ya kunywa. Akipumzika, ataweza kupalilia tuta la tatu.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mtu aliyeugua kiharusi huchoka hata kama mkono na mguu vimepona?
2. Taja mambo matatu ya hatari ambayo asiachiwe kufanya peke yake.
3. Katika kitongoji chenu yupo mtu wa namna hii? Mnaweza kumpa kazi gani asiyochoka nayo upesi?