MAELEZO KWA WANANCHI: JINSI MAJI NA UPEPO VINAVYOUBADILI USO WA ARDHI

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kwamba uso wa ardhi hautulii katika hali moja. Maji na upepo huumega, huuchukua na kuuweka pengine, kazi ambayo kwa kawaida huchukua maelfu na mamilioni ya miaka. Hapa Visiwani dalili yake ni mapango ya mawe ya matumbawe, ambayo maji ya mvua huyayeyusha kidogo kidogo. Mfano ulio wazi zaidi, hata hivyo, uko Bara, katika Mkoa wa Shinyanga.

Asimamaye Ibadakuli, kata iliyomo katika Manispaa ya Shinyanga, yumo katika nchi tambarare iliyotapakaa vilima vya mawe ya itale. Vilima hivyo ni mabaki ya miamba iliyolika. Maji hupenya katika nyufa, jiwe huwa changarawe, kisha mchanga, na mvua huteremsha chembe nyepesi hadi bondeni. Ndiyo maana miinuko ina udongo wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni, na mabonde yana mbuga za udongo mweusi unaonata.

Kazi hiyo ni ya polepole mno. Huko Mwadui, volkano iliyolipuka zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita ingali na tabaka za matope ya ziwa lililokuwa ndani ya kreta yake, hazijaliwa zikaisha. Kidogo kilichoondoka kilileta neema: maji yalichukua udongo mwepesi, na almasi, kwa uzito wake, zikasalia katika changarawe. Mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, alizigundua mwaka 1940.

Mkono wa binadamu ulipoingia, kasi ilibadilika. Tangu miaka ya 1920 vichaka vilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Yakafuata mashamba ya pamba na wingi wa ng'ombe. Tone la mvua likipiga ardhi tupu huvunja udongo, chembe zake huziba vitundu, na maji, badala ya kunywewa, hutiririka na kuchimba makorongo. Kiangazi upepo hupeperusha vumbi laini, ambalo ndilo lenye rutuba. Sentimita moja ya udongo, iliyofanyika kwa mamia ya miaka, huweza kutoweka kwa misimu michache.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni mkazo uliwekwa katika kupanda miti, ingawa dawa iliyofaa zaidi walikuwa nayo wenyeji wenyewe: ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi na vichaka viote, kisha kufunguliwa kiangazi kinapokaza. Eneo la ngitili, lililokuwa takriban hekta 600 mwaka 1986, lilizidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ulinzi wake ulisimamiwa na sungusungu pamoja na dagashida, baraza la jadi, lenye kumtoza faini anayeingiza mifugo kabla ya wakati.