Je, Wajua? Kware wa Porini na Kware wa Bandani

Je, wajua kwamba kivuli cha mikarafuu ya Kizimbani, Unguja, hakimfai kware? Mgeni atembezwaye mashamba ya viungo ataonyeshwa iliki na mdalasini, lakini kware hutafutwa penye majani ya wazi na mashamba yaliyolala.

Je, wajua kwamba kware wa bandani, yule wa mayai ya madoadoa, si wa kwetu? Huyo ni *Coturnix japonica*, asili yake Asia ya Mashariki. Afrika Mashariki ina wake wa porini, *Coturnix delegorguei*, aliyepewa jina la Mfaransa Adulphe Delegorgue, aliyemwandika mwaka 1847. Dume ana koo jeupe lenye alama nyeusi mfano wa nanga, kifua cheusi na ubavu wa hudhurungi. Hafiki gramu 100.

Je, wajua kwamba kware huyu hufuata mvua? Majani yakichipua, makundi huingia, jike hufukua kishimo chini na kuatamia peke yake. Majani yakikauka, huhama.

Je, wajua kwamba Siaya, Kenya, Wajaluo humnasa kwa sauti ya mwenzake? Humwita *aluru*. Walio tunduni hupandishwa juu ya mlingoti mrefu waite. Wa porini wakishuka, miguu inanasa kwenye vitanzi vilivyotegwa majanini. Hata hivyo, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, limemweka katika daraja la wasiotia wasiwasi.

Je, wajua kwamba salwa walioteremshiwa Bani Israili pamoja na manna, kwa kauli ya wafasiri wengi wa Qur'ani, ni kware au ndege wa jamii yake?

Je, wajua kwamba ndege wa kwanza kuanguliwa angani alikuwa kware wa Japani? Ilikuwa Machi 1990, katika kituo cha anga cha Mir cha Wasovieti.

Na je, wajua kwamba kware huyohuyo, aliyejaa mabandani duniani, huko porini kwao anapungua? IUCN inamhesabu kuwa karibu na hatari. Nyanda za majani zinalimwa, naye amewindwa sana. Tena wafugwao wakiachiwa huchanganya damu na wa porini. Wingi wa bandani haumwokoi.

Kware wa Himalaya hakupata hata banda. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika, kaskazini mwa India, ilikuwa mwaka 1876. Bado hajatangazwa kutoweka.